Kutwa Mara Mbili: Uchambuzi wa Lugha ya Maagizo ya Dawa za Presha katika Mazingira ya Loitokitok

1. Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wamefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi za sayansi na tiba. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoundwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, msamiati wa fani nyingi umekusanywa, ukajadiliwa na kuchapishwa. Kazi hiyo yastahili kusifiwa. Hata hivyo, mgonjwa hapewi istilahi. Mgonjwa hupewa sentensi. Anapofika kwenye dirisha la dawa hukabidhiwa kibahasha chenye vidonge pamoja na maneno machache, mengine yakiwa yameandikwa juu ya kibahasha na mengine yakisemwa kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu. Maneno hayo ndiyo atakayokwenda nayo nyumbani, na ndiyo yatakayoamua vidonge hivyo vitamezwa namna gani.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno hayo kama matini. Hoja yetu ni hii: mara nyingi mgonjwa anayesemwa kuwa hafuati maagizo huwa ameyafuata sawasawa kama alivyoyaelewa, na maana aliyoipata ilikuwamo kweli katika lugha iliyotumika. Ikiwa ndivyo, basi sehemu ya kosa imo katika sentensi, na sentensi ni kazi yetu sisi wanaisimu.

Tumechagua mazingira ya Loitokitok, kusini mwa Kaunti ya Kajiado, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwa kuwa hapo matatizo ya aina hii hukutana yote mahali pamoja. Mifano tunayoichambua ni semi za kawaida zinazosikika katika zahanati na maduka ya dawa ya Afrika Mashariki.

2. Ugonjwa na mazingira yake

Shinikizo la damu, au presha kama lijulikanavyo na wengi, ni hali ambayo damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu inayozidi kiasi. Kwa kawaida mtu mzima huhesabiwa kuwa na ugonjwa huu iwapo vipimo vyake vilivyorudiwa hufikia 140 kwa 90 au zaidi. Sifa yake kubwa, na ndiyo inayotuhusu katika makala haya, ni ukimya. Mtu aweza kuishi nao miaka mingi bila kuumwa chochote, hadi siku anapopatwa na kiharusi, au moyo na figo vinapoanza kushindwa kazi. Dawa zake haziuondoi. Huuzuia tu, na huuzuia kwa muda ambao zinaendelea kutumiwa.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni kiasi cha nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaotumia dawa kama walivyoagizwa. Katika ripoti yake ya mwaka 2023, shirika hilo hilo lilisema kuwa karibu watu wanne katika kila watano wenye presha duniani hawatibiwi vya kutosha.

Hatudai kwamba lugha ndiyo sababu pekee. Bei ya dawa, umbali wa kituo, na siku ambazo dawa hazipo ni mambo mazito, wala hayaondolewi kwa kurekebisha sarufi. Lakini mtu aliyelipa nauli, akapanga foleni na kuipata dawa, kisha akaimeza visivyo kwa sababu ya sentensi iliyomwelekeza visivyo, amepata hasara ambayo ingeweza kuepukwa bila gharama.

Loitokitok ni mji wa mpakani na wa soko. Wenyeji wa eneo hili ni Wamaasai wa Ilkisonko, ambao lugha yao ni Kimaa. Pamoja nao wamo Wakamba na Wakikuyu, wakulima na wafanyabiashara, na Wachaga wanaovuka kutoka upande wa Tanzania. Kati ya Illasit na Tarakea watu huvuka kila siku, na dawa huvuka nao. Kibahasha kilichotoka Kenya aghalabu huwa kimeandikwa kwa Kiingereza. Kilichotoka Tanzania huwa kimeandikwa kwa Kiswahili. Katika nyumba moja huweza kukutwa vyote viwili, na msomaji wa vyote viwili akawa ni mjukuu wa darasa la sita. Katika mji kama Kitengela, ambako maduka ya dawa ni mengi na Kiswahili ndicho lugha ya mtaani, mkanganyiko mmoja huweza kusahihishwa kwa kurudi dukani kesho yake. Kwa mtu wa Kuku au Imbirikani, kurudi ni safari.

3. Jina la ugonjwa

Neno presha limekaa imara katika Kiswahili cha watu wote, na hakuna haja ya kulipiga vita kwa kulitetea shinikizo la damu. Lakini yafaa tujue neno hilo limebeba nini.

Kwanza, presha humaanisha pia wasiwasi na msukosuko wa moyo. Twasema: "Usinipe presha," au "Alipopata habari zile akapata presha." Katika matumizi haya presha ni tukio: huja, hukaa kidogo, huondoka. Mtu aliyelizoea neno kwa maana hii akiambiwa "una presha, meza dawa hii," ana haki ya kufahamu kwamba dawa humezwa siku ya mashaka. Siku mifugo imepotea, atameza; siku nyumba ina amani, hatameza. Kwa kufanya hivyo hakupuuza agizo. Amelitekeleza kwa kadiri ya maana ya neno lenyewe.

Pili, Kiswahili cha kawaida kimeligawa neno hili katika maradhi mawili: presha ya kupanda na presha ya kushuka. Mgawanyo huu ni wa kawaida sana hata wauguzi wenyewe huutumia. Sasa tutazame sentensi ifuatayo, ambayo husemwa kwa furaha na mhudumu aliyeona vipimo vizuri:

(1) Presha yako imeshuka.

Mhudumu anakusudia kusema kwamba matibabu yanafaa. Msikilizaji aweza kupata mojawapo ya maana mbili nyingine. Aweza kufahamu kwamba sasa ameshikwa na ule ugonjwa wa pili, wa kushuka, na kwamba dawa ndiyo iliyomletea. Hivyo ataiacha kwa hofu. Au, kwa kuwa kiambishi -me- huonyesha tendo lililokamilika na hali iliyobaki baada yake, aweza kufahamu kwamba kazi imekwisha. Hivyo ataiacha kwa furaha. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja. Sentensi iliyo salama zaidi ni hii:

(2) Presha yako imetulia kwa sababu unameza dawa. Ukiacha, itapanda tena.

Kitenzi tulia hakina jina la ugonjwa ndani yake, na kishazi cha sababu kinaifunga hali hiyo njema na dawa yenyewe.

4. Idadi na wakati

4.1 Alama ya kuzidisha

Katika vibahasha vingi agizo huandikwa kwa tarakimu: 1 x 1, 1 x 2, 1 x 3. Aliyefundishwa hujua kwamba tarakimu ya kwanza ni vidonge na ya pili ni idadi ya nyakati. Asiyefundishwa huona hesabu ya shuleni, na katika hesabu ya shuleni 1 x 2 na 2 x 1 ni kitu kimoja. Katika tiba si kitu kimoja: la kwanza ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, la pili ni vidonge viwili kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, alama hii haina kitenzi, haina wakati, wala haina mwisho. Inasema kiasi gani, lakini haisemi lini wala mpaka lini. Vifupisho vya Kilatini kama b.d. na t.d.s. vina kasoro hizo hizo, na juu yake havisomeki kwa mgonjwa hata kidogo.

4.2 Kutwa na siku

Upande wa Tanzania maneno yaliyozoeleka ni kutwa mara mbili au kutwa mara tatu. Ni usemi mfupi na mzuri, lakini yafaa tukumbuke asili yake. Kutwa, au kuchwa, ni kuzama kwa jua. Twasema mchana kutwa na usiku kucha: wa kwanza ni muda wa mwanga hadi jua litue, wa pili ni muda wa giza hadi kupambazuke. Kwa maana hiyo ya asili, kutwa mara tatu ni mara tatu kati ya macheo na machweo, na usiku haumo. Wasemaji wengi leo hulichukua neno kutwa kuwa ni siku nzima, na hao hawapati taabu. Lakini msemaji anayeijua maana ya zamani, au anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili na kukitafsiri neno kwa neno, aweza kumeza vidonge vyake vyote kabla ya magharibi na kuuacha usiku mtupu.

Mara mbili kwa siku nayo haisemi ni lini. Asubuhi na adhuhuri ni mara mbili kwa siku. Asubuhi na jioni pia ni mara mbili kwa siku. Kwa dawa inayotakiwa kugawa mchana na usiku sawasawa, tofauti hiyo si ndogo.

4.3 Saa na masaa

Hapa pana tatizo ambalo, kwa maoni yetu, lawahusu wanasarufi kuliko watu wengine wote. Tutazame agizo hili:

(3) Meza kimoja kila saa 8.

Sentensi hii ina maana tatu. Maana ya kwanza ni kumeza kila zinapopita saa nane, yaani mara tatu kwa siku. Maana ya pili ni kumeza kila siku ifikapo saa nane, yaani baada ya adhuhuri, mara moja tu. Maana ya tatu humjia anayeitazama tarakimu 8 kwenye uso wa simu yake: huo ni wakati ambao Mswahili huuita saa mbili, nayo pia ni mara moja tu kwa siku, au mara mbili kama atahesabu asubuhi na usiku.

Hatari yake si ya kubuni. Methildopa, dawa ya presha ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikitumiwa kwa wanawake wajawazito, aghalabu hugawanywa mara mbili au tatu kwa siku. Mama mjamzito aliyeandikiwa kumeza kila baada ya saa nane, akaelewa kuwa ni saa nane mchana, atapata theluthi moja ya dawa yake, na atarudi kliniki presha ikiwa juu vile vile. Huenda ataulizwa kwa nini hamezi dawa, naye atajibu kwa kweli kwamba anameza kila siku bila kukosa.

Jambo la kushangaza ni kwamba "kila saa 12" halina madhara hayo. Anayelifahamu kama saa kumi na mbili atameza alfajiri na jioni, na kati ya nyakati hizo mbili kuna muda wa saa kumi na mbili kamili. Bahati hiyo inatokana na mpango wa saa za Kiswahili, ambao huanza kuhesabu mchana na usiku kila mmoja peke yake. Lakini bahati hiyo haitoshi kuwa kanuni ya kuandikia dawa.

Sasa wasemaji wenyewe wamekwisha kulipatia tatizo hili dawa. Wengi husema saa nane kwa wakati, na masaa nane kwa muda. Vitabu vyetu vya sarufi hulikataa umbo la masaa kwa hoja kwamba saa ni nomino isiyobadilika katika wingi, na walimu hulipiga mstari mwekundu katika insha za wanafunzi. Twaonelea kwamba katika uwanja wa maagizo ya dawa hukumu hiyo yafaa ifikiriwe upya. Umbo hilo limezaliwa na haja ya kutenganisha maana mbili, na kulifuta ni kuirudisha utata ambao watu walikwisha kuuondoa. Asiyependa masaa ana njia nyingine: aache kabisa kutumia hesabu ya muda, ataje nyakati kwa majina, asubuhi, mchana na kabla ya kulala.

5. Kitenzi cha agizo

5.1 Meza na uwe unameza

Hali ya kuamuru katika Kiswahili haionyeshi kama tendo ni la mara moja au la kurudiwa. "Funga mlango" ni tendo moja. "Meza dawa" kwa umbo lake ni hivyo hivyo. Ili kupata maana ya mazoea, Kiswahili hutumia kitenzi saidizi: uwe unameza, au endelea kumeza. Maumbo haya ni marefu kidogo, lakini urefu huo ndio unaobeba habari ambayo mgonjwa wa presha anaihitaji kuliko zote, yaani kwamba tendo hili halina siku ya mwisho.

5.2 Maliza dozi

Kwa miaka mingi wahudumu wa afya wamewafundisha watu, na kwa sababu nzuri, kwamba dawa za malaria na za maambukizo ni lazima zimalizwe hata kama mtu amepata nafuu. Funzo hilo limeingia. "Maliza dozi" ni sentensi ambayo karibu kila mtu mzima ameisikia. Lakini ndani yake mna dhana kwamba dozi ina mwisho, na kwamba mwisho wa dozi ni mwisho wa ugonjwa. Mgonjwa wa presha akipewa vidonge thelathini na kuambiwa "umalize zote," atavimaliza kwa uaminifu, na siku ya thelathini na moja atajihesabu kuwa amepona. Kitenzi pona nacho chafaa kutumiwa kwa hadhari. Presha haiponi kama jeraha linavyopona; hutulizwa.

Vilevile ugonjwa sugu, istilahi inayopendwa na vitabu, ina walakini wake. Sugu ni kitu kigumu, kisichosikia. Twasema mhalifu sugu, na twasema usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake ni sugu aweza kufahamu kwamba dawa haziuwezi. Ugonjwa wa kudumu haukatishi tamaa kwa namna hiyo.

5.3 Utii, ufuasi na umezaji

Jina la tabia yenyewe halijatulia katika maandishi yetu. Wako wanaosema utii, neno linalomweka mgonjwa mahali pa mtumwa na tabibu mahali pa bwana. Katika huduma za wagonjwa wa Ukimwi, hasa Tanzania, limeenea neno ufuasi, nalo limefanya kazi nzuri. Huduma hizo ndizo zilizowazoesha watu wetu wazo la dawa ya kila siku kwa maisha yote. Wengine hupendekeza uzingatiaji. Yote haya yanafaa katika vikao vya wataalamu. Mbele ya mgonjwa inatosha kusema: kumeza dawa kama tulivyokubaliana. Kitenzi kubaliana kina kiambishi cha kutendana. Chadai watu wawili.

6. Chakula

"Baada ya kula" huandikwa karibu kwa mazoea. Ziko dawa zinazohitaji sharti hilo. Lakini amlodipini, moja ya dawa za presha zinazotumika sana, humezwa pamoja na chakula au bila chakula. Sharti lisilohitajika si pambo tu, kwa maana katika Kiswahili usemi huo husomeka kama kikwazo: kama hujala, usimeze. Tena, katika matumizi ya Kenya, chai ya asubuhi mara nyingi haihesabiwi kuwa chakula. Katika msimu wa ukame, kama ule uliolikumba eneo hili mwaka 2022, mtu aliyepata chai peke yake hadi jioni atakuwa ameliheshimu agizo kwa kutokumeza. Hivyo kila neno linaloongezwa katika agizo ni lazima liulizwe limekuja kufanya nini.

Kinyume chake, liko sharti linalostahili kuongezwa na ambalo huachwa. Dawa zinazoongeza mkojo, kama haidroklorothiazaidi, hufaa kumezwa asubuhi. Anayezimeza usiku hulazimika kutoka nje gizani mara kwa mara, na katika maboma yaliyo karibu na Amboseli, ambako ndovu hupita, hilo si jambo dogo. Mtu ataiacha dawa kabla hajakubali kukutana na ndovu. Neno moja, asubuhi, pamoja na sababu yake, lingetosha kumlinda.

7. Mnyororo wa tafsiri na adabu ya mazungumzo

Agizo la dawa Loitokitok hupita mara nyingi katika lugha tatu: huandikwa kwa Kiingereza, husemwa kwa Kiswahili, hufikishwa kwa mzee kwa Kimaa. Katika kila hatua kitu hudondoka, na kinachodondoka kwanza ni vile vishazi vya masharti, hata kama, na usiache. Hubaki idadi tu.

Aidha, neno dawa halipati katika Kimaa mwenzi anayelingana nalo kila upande. Olcani ni dawa, na ni mti au mmea pia. Dawa za asili za Wamaasai, kwa mfano magome ya olkiloriti, huchemshwa na kunywewa, mara nyingi pamoja na supu ya nyama. Katika orpul, mahali pa kujitenga kwa ajili ya kula nyama na kutia nguvu mwili, dawa hunywewa kwa wingi kwa siku kadhaa, kisha watu hurudi nyumbani wakiwa wazima. Huo ni utaratibu kamili wa tiba wenye mwanzo na mwisho. Kidonge kidogo cha kila siku, kisicho na ladha wala nguvu inayosikika mwilini, hakiingii katika utaratibu huo chenyewe. Ni lazima kielezwe. Anayetafsiri dawa kwa olcani bila maelezo ameleta pamoja na neno hilo matarajio yote yanayoambatana nalo.

Kwa upande mwingine, Kimaa kina majina mazuri ya nyakati, tadekenya kwa asubuhi na teipa kwa jioni, na nyakati hizo ndizo za kukama ng'ombe. Hakuna saa ya ukutani iliyo ya hakika kuliko kazi hiyo kwa mama wa Kimaasai. Kwa mkulima wa nyanya na vitunguu wa Kimana, kazi yake itakuwa nyingine, lakini kanuni ni ile ile: dawa ifungwe na tendo ambalo halisahauliki.

Liko pia suala la adabu. Mhudumu kijana humaliza maelezo yake kwa kuuliza: "Umeelewa?" Mzee hujibu: "Ndiyo." Jibu hilo ni la heshima, si la habari. Kusema "sikuelewa" mbele ya watu ni kujishusha, na pia ni kumlaumu kijana kwamba hakueleza vizuri. Swali la namna hiyo halipimi chochote. Linganisha na hili:

(4) Yeyo, nisaidie nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, dawa hii utaimeza vipi?

Hapa mama anaitwa kwa jina la heshima la kwao, mzigo wa mtihani umebebwa na msemaji, na jibu haliwezi kuwa ndiyo peke yake. Kama kuna kosa, litasikika pale pale dirishani.

8. Mfano wa agizo

Kwa kufuata uchambuzi huu, twapendekeza mfano ufuatao kwa dawa ya presha inayomezwa mara moja kwa siku na isiyohitaji chakula, kama amlodipini. Wafamasia na matabibu ndio wenye kauli ya mwisho juu ya yaliyomo kwa kila dawa na kila mgonjwa. Sisi tunashughulika na umbo.

(5) Dawa hii ni ya presha ya kupanda. Uwe unameza kidonge kimoja kila siku asubuhi, ukishakama. Hata kama hujala, meza. Hata ukijisikia mzima, usiache. Dawa ndiyo inayoizuia presha isipande. Ukisahau asubuhi, meza utakapokumbuka siku hiyo hiyo. Usimeze viwili kwa pamoja. Miguu ikivimba au ukisikia kizunguzungu, usiache peke yako, njoo utuambie. Vidonge vikibaki saba, rudi uchukue vingine.

Msomaji ataona kwamba kila sentensi inajibu utata mmoja uliotajwa juu. Hamna tarakimu iliyozidishwa, hamna saa, hamna neno dozi, wala hamna pona. Neno hata limetumika mara mbili, kwa kuwa nyakati mbili ambazo mgonjwa huacha dawa ni anapokosa chakula na anapojisikia vizuri. Agizo la kurudi limefungwa na idadi ya vidonge anavyoviona mkononi mwake, si na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Na limewekwa kabla ya vidonge kwisha, kwa sababu baadhi ya dawa za presha, propranololi ikiwa mojawapo, zikikatizwa ghafla huweza kuleta madhara makubwa.

Yaweza kusemwa kwamba agizo hili ni refu na kibahasha ni kidogo. Ni kweli. Lakini lina maneno yasiyofika themanini, na mtu huyasema kwa muda usiofika dakika moja. Kama nafasi haitoshi, sentensi tatu za mwanzo na ile ya usiache zisikose kuandikwa, nyingine zisemwe.

9. Hitimisho

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, yataka mgonjwa apewe maelezo, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria, kwa hiyo, ipo. Kisichokuwapo ni sentensi zenyewe, zilizoandikwa, zikajaribiwa kwa wasikilizaji, zikasahihishwa na kupelekwa madirishani.

Idara zetu za lugha za Kiafrika zina watu wanaoweza kuifanya kazi hiyo. Yahitaji mwanaisimu wa Kiswahili, msemaji hodari wa Kimaa, na mfamasia, waketi meza moja na orodha ya dawa zilizo nyingi zaidi katika zahanati za Kajiado. Kwa kila dawa waandike agizo moja la Kiswahili na moja la Kimaa, kisha wawasomee watu wazima ambao hawakusoma, na kuwauliza wangefanya nini. Agizo litakaloelewa visivyo liandikwe upya. Kazi hiyo haitampa mtu yeyote istilahi mpya ya kujivunia, na huenda ikatulazimu kuyakubali maumbo ambayo tumezoea kuyasahihisha. Lakini mama mjamzito atameza vidonge vitatu mahali pa kimoja, na mzee aliyepata nafuu hataiacha dawa yake siku ya thelathini na moja.